Tumenunua Nyumba: Kazi ya Kwanza ni Gani?

Baba na mama, mmepata nyumba yenu ya kwanza. Miaka mingi mlilipa kila mwezi nyumba ya mtu mwingine. Mwenye lupango akisema, "Hameni," mlihama, sufuria juu ya kichwa na mtoto mgongoni. Leo funguo iko mkononi mwenu na karatasi ziko katika sanduku. Mama anawaza rido ya dirisha, baba anawaza televizio, watoto wanakimbia kutoka chumba mpaka chumba wakichagua pahali pa kulala.

Sisi wa hospitali tunapenda kuwaambia jambo moja mbele ya kutandika mkeka. Hapa kwetu Kolwezi, mtu anayenunua nyumba ananunua pia vumbi ya kazi iliyofanyika ndani yake. Muuzaji hatasema neno hili. Karatasi ya lupango haiandiki neno hili. Kwa hiyo tunaliandika sisi.

Sikilizeni mazungumzo haya. Tumeyaandika kwa mfano, lakini ye yote aliyengoja kwenye banki mbele ya chumba cha munganga atayatambua.

— Mama, mutoto eko na kohola tangu lini?

— Tangu tulihama, munganga. Iko wiki tatu.

— Mulihama wapi?

— Tulinunua nyumba. Ni yetu. Iko muzuri, iko na simenti chini.

— Mwenye alikaa mule mbele yenu, alikuwa anatumika kazi gani?

— Alikuwa negosia. Alikuwa anauzisha mawe.

— Yale mawe alikuwa anaweka wapi?

— Mu chumba ya nyuma. Njo mule batoto banalala sasa.

— Mulisafisha namna gani?

— Nilikomba, munganga. Vumbi ilikuwa mingi, ya mweusi. Nilikomba siku mbili muzima.

Mama huyu si mvivu. Alifanya vile mama yake alimfundisha: nyumba ikiwa na vumbi, unakomba. Lakini vumbi ile nyeusi, alipoikomba ikiwa kavu, haikutoka. Ilipanda juu, ikakaa hewani, na usiku ikashuka polepole juu ya mkeka, juu ya sahani, juu ya uso wa mtoto aliyelala.

1. Zamani Kampuni, leo wewe

Wazee waliokaa katika kambi za Union Minière, na kisha katika zile za Gécamines, wanakumbuka maisha mengine. Nyumba ilikuwa ya Kampuni. Paa ikivuja, mtu alikwenda kwenye biro ya kambi. Watu wa ijieni walipita kuangalia vyoo, mitaro na nyasi. Mfanyakazi akiacha kazi, alirudisha funguo. Nyumba haikuwa mali yake, lakini pia hakuulizwa kama shimo la choo limejaa ao hapana.

Maisha hayo yalivunjika. Katika miaka ya 1990 Kampuni ilianguka, na mishahara ikakosekana miezi mingi. Mwaka 2003 na 2004 zaidi ya wafanyakazi 10.000 waliacha kazi kwa mpango wa kuondoka kwa mapenzi, wakapokea feza ya mwisho. Nyumba nyingi za kambi za zamani leo ni mali ya watu. Wengine wamenunua ao kujenga katika Manika na Dilala, kwa matofali ya kuchoma ao kwa matofali mabichi.

Kwa hiyo wengi wetu ndio wa kwanza katika jamaa yetu kuwa na nyumba ya kwetu katika mji. Hakuna baba aliyetufundisha kazi ya mwenye nyumba, kwa maana baba alikaa katika nyumba ya Kampuni. Sasa biro ya kambi ni wewe. Mtu wa ijieni ni wewe. Usimngoje mwingine.

2. Vumbi yetu si vumbi tu

Udongo wa Kolwezi una shaba na kobalti, na pahali pengine una uranyumu pia. Ni kwa ajili ya mawe haya mji ulianzishwa mwaka 1937. Kuna jiwe moja la shaba na kobalti ambalo wenye elimu wamelipa jina la mji wetu, kolwezite.

Jiwe likikaa chini kabisa, halimsumbui mtoto anayelala. Lakini watu wakilichimba, wakilileta katika lupango, wakilimwanga chini, wakilipiga nyundo, wakilichagua kwa mikono na kulitia katika mifuko, linatoa unga. Unga huo unaingia katika ufa wa simenti, chini ya mlango, juu ya mbao za paa, katika magodoro. Mawe yanauzwa na kwenda mbali. Unga unabaki.

Mwaka 2014 kobalti ilionekana chini ya nyumba za kartie ya Kasulo, hapa Kolwezi. Watu walichimba nyuma ya nyumba, kando ya jiko, na hata ndani ya vyumba. Wanganga wa Universite ya Lubumbashi, pamoja na wenzao wa Leuven katika Ubelgiji, walikwenda kupima. Walipima vumbi ya nyumba, walipima mkojo na damu ya wakaaji. Walitangaza matokeo mwaka 2018. Watu wa Kasulo walikuwa na kobalti nyingi mwilini kupita watu wa kartie nyingine isiyochimbwa, tena na uranyumu, na tofauti ilionekana zaidi kwa watoto.

Fikirini neno hili. Mtoto mdogo hashuki katika shimo. Anakaa nyumbani tu. Vumbi inamkuta pale pale nyumbani.

Kwa nini mtoto anaumia kupita baba yake? Sababu ni tatu. Ya kwanza: anakaa chini, anatambaa, na vumbi iko chini. Ya pili: kila kitu anakitia kinywani, mkono, jiwe, kijiko kilichoanguka. Ya tatu: mwili wake ni mdogo, kwa hiyo sumu kidogo kwake ni nyingi. Na mtoto aliyekosa damu anaumia zaidi tena, kwa maana tumbo linalotafuta chuma linavuta kobalti kwa urahisi.

Kobalti nyingi kwa muda mrefu inaweza kuharibu mapafu, moyo, na tezi ya shingo. Haiumizi siku moja kama panga. Inafanya kazi yake polepole, kama mchwa katika mti wa paa. Hatusemi kwamba kila kikohozi ni kobalti. Kinaweza kuwa cha baridi, cha moshi, cha kifua kikuu. Munganga anapashwa kusikiliza kifua cha mtoto na kutafuta. Lakini wewe unaweza kumwondolea mtoto vumbi leo, bila kumngoja munganga.

3. Kuhani na nyumba yenye ugonjwa

Wengi wanapohamia katika nyumba yao wanaita pasteri ao padiri kuja kuibariki. Ni vizuri. Lakini someni pia kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 14. Pale Mungu anawafundisha Waisraeli namna ya kuitendea nyumba iliyo na ugonjwa katika kuta zake. Kuhani haombi tu na kwenda zake. Anaagiza kwanza vyombo vyote vitolewe inje. Anaingia, anaangalia kuta. Nyumba inafungwa siku saba. Kama ubaya ungali unaenea, mawe yaliyoharibika yanaondolewa, kuta zinakwanguliwa, na vumbi yake inatupwa inje ya mji, pahali pasipo safi. Kisha kuta zinapakwa upya. Mwisho ndipo nyumba inatangazwa safi.

Basi na sisi tufuate mpango huo: kutoa, kuangalia, kuosha, kupaka, na nyuma ya hayo kubariki na kuingia.

4. Mambo ya kuuliza mbele ya kulipa feza ya mwisho

Muulize muuzaji na majirani, bila haya:

Nani alikaa hapa, na alifanya kazi gani? Mawe yaliwekwa hapa? Yaliwekwa chumba gani? Yalioshwa hapa, na mayi yake ilimwangwa wapi? Kuna shimo lililochimbwa katika lupango hii ao karibu? Lilifunikwa na nini?

Angalia wewe mwenyewe pia. Vumbi nyeusi katika pembe za chumba, madoa ya kijani katika simenti, mifuko ya zamani nyuma ya jiko, pahali ambapo udongo umelegea na kushuka: hayo yote yanasema. Ukikuta mawe ao mifuko, patana na muuzaji aitoe yeye mwenyewe mbele ya kupokea feza ya mwisho, na mapatano yaandikwe mbele ya mashahidi. Ukisha kulipa yote, hatarudi.

5. Namna ya kuosha nyumba

Siku ya kazi hii, watoto na mama mwenye mimba wasiwe pale. Wabaki kwa nyanya yao ao kwa jirani. Wanaofanya kazi wafunge pua na kinywa na maski, ao kama haiko, kitambaa safi chenye mayi. Kitambaa hakizuii yote, lakini ni bora kuliko kuacha pua wazi.

Kwanza, toeni vyombo vyote inje. Fungueni milango na madirisha.

Pili, msikombe pakavu. Tunarudia: msikombe pakavu. Nyunyizieni mayi chini kwanza mpaka vumbi inashikamana. Kisha ikusanyeni na mutie katika mfuko mzito ungali na umande.

Tatu, anzeni juu, mumalize chini. Pangusa mbao za paa, kisha kuta, kisha madirisha, mwisho chini. Tumieni torsho na mayi ya sabuni. Badilisheni mayi kila mara ikichafuka. Mkiosha chumba kizima kwa ndoo moja ya mayi meusi, mnahamisha vumbi tu kutoka ukuta huu mpaka ule.

Nne, kesho yake rudieni tena. Chumba kilichowekwa mawe kinataka kuoshwa mara tatu ao nne, mpaka torsho inatoka bila weusi.

Tano, mayi chafu isimwangwe katika bustani, wala karibu na kisima, wala mtoni. Chimbeni shimo dogo mbali na hapo, mumwange ndani, mulifunike na udongo.

Sita, zibeni nyufa na simenti, na mupake kuta chokaa. Chokaa si ya uzuri tu; inashika unga uliobaki katika ukuta. Kama chini ni udongo, kwangueni udongo wa juu ukiwa umelowa, muutoe, muweke udongo safi wa kutoka mbali na mashimo, muupige mpaka unashupaa. Siku feza ikipatikana, wekeni simenti.

Kisha wale walioosha waoge mwili mzima na kufua nguo zao mbali na nguo za watoto. Sasa itani pasteri, ao padiri, na ingieni kwa wimbo.

6. Vumbi isirudi kwa mlango

Nyumba safi inaweza kuchafuka tena katika juma moja kama baba anarudi kila siku kutoka karieri na vumbi mwilini. Mtoto anamkimbilia, anamrukia, anashika shati lake. Ni upendo, lakini vumbi inapita katika upendo huo. Baba, tuseme kwa upole: ngoja kidogo. Acha viatu na nguo za kazi inje, katika ndoo yenye kifuniko. Nawa uso na mikono, oga kama mayi iko. Kisha mchukue mtoto wako.

Jambo hili si dogo. Uchunguzi uliofanyika Lubumbashi na kutangazwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba watoto wenye kuzaliwa na kilema walionekana zaidi kwa akina baba waliofanya kazi za madini. Hii haisemi kwamba kila mtoto wa mchimbaji atazaliwa hivyo. Walio wengi wanazaliwa wazima. Lakini inatosha ili mwanaume asilete kazi yake mpaka kitandani.

Mifuko iliyobeba mawe isitiwe unga wa bukari, wala mahindi, wala mihogo, hata ikifuliwa mara kumi. Sufuria na nyundo za mawe zisiingie jikoni. Sombe, matembele na mboga yote ya lupango ioshwe mara mbili tatu kwa mayi safi mbele ya kupikwa. Watoto wanawe mikono mbele ya kula, na kucha zikatwe.

Watu wengine wanasema maziwa yanaondoa sumu ya kobalti. Maziwa ni chakula kizuri, lakini haiondoi vumbi. Feza ya kopo moja ya maziwa inanunua sabuni ya siku nyingi. Kwa damu ya mtoto, mpeni maharagi, mboga ya majani, samaki, nyama kama iko, na machungwa ao papai pamoja nayo.

7. Choo na kisima

Mwenye nyumba mpya apime kwa miguu yake: kutoka kisima mpaka choo ni hatua ngapi? Yafaa mita 30. Katika lupango ndogo pengine haiwezekani, lakini kisima kisiwe karibu na choo kupita mita 15, na choo kiwe upande wa chini ambapo mayi ya mvua inaelekea. Uangalie pia choo cha jirani! Udongo haujui mpaka wa lupango.

Kisima kiwe na ukuta mdogo kuzunguka kinywa chake, kifuniko, na ndoo moja tu ya kuchotea, isiyowekwa chini. Choo kiwe na kifuniko ili nzi wasitoke kule na kuja juu ya bukari.

Mayi ya kunywa ichemshwe mpaka itokote, ipoe katika chombo chenye kifuniko. Hivyo mikrobi ya kuhara, ya tifo na ya kolera inakufa. Lakini mjue neno hili: kobalti na uranyumu hazifi katika moto, kwa maana hazina uzima. Mayi inapungua, zenyewe zinabaki katika sufuria. Kwa hiyo kisima kilicho karibu na shimo la madini ao pahali walipoosha mawe, tumieni mayi yake kwa kufyatua matofali tu. Ya kunywa na ya kupika itafutwe kwenye robine ya Regideso ao kwenye kisima cha mbali na kazi hiyo. Kuchemsha kunafuata hata hapo.

8. Mashimo

Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, kinamwagiza mtu anayejenga nyumba mpya kuweka ukingo juu ya paa, ili mtu asianguke na damu yake isiwe juu ya nyumba hiyo. Watu wale walikaa juu ya paa zao. Sisi paa zetu ni za mabati, hakuna anayetembea pale. Hatari yetu iko chini. Ukingo wetu uwe juu ya mashimo.

Shimo lililoachwa wazi linaweza kumeza mtoto. Mvua zinapoanza, linajaa mayi, na mayi ile safi yenye kupigwa na jua ndiyo mbu wa malaria anaipenda kwa kutaga. Jazeni mashimo madogo kwa udongo na kuyashindilia. Shimo refu la madini msilijaze peke yenu, wala msishuke kuangalia: kuta zake zinaanguka, na chini hewa inaweza kuwa mbaya. Zungusheni uzio wenye nguvu na mumwite shefu wa kartie. Na usiku, kila mtu alale chini ya mustikere yenye dawa, kuanzia usiku wa kwanza katika nyumba mpya, mbele hata ya rido kufungwa.

Sasa tuseme juu ya jaribu kubwa. Kuna siku mtu atakuja na kukuambia: "Baba, mu lupango yako muko feza. Chimba paka mita kumi, utaona." Pengine ni kweli muko mawe. Lakini fikiri. Kwa sheria ya tarehe 20 julai 1973, udongo ni mali ya Serikali. Karatasi yako inakupa haki ya kukaa na kujenga juu yake. Madini ya chini si yako, na uchimbaji wa mikono unaruhusiwa katika maeneo tu yaliyotengwa kwa kazi hiyo. Huko Kasulo watu walichimba chini ya vyumba vyao, wengine walifukiwa, nyumba zilipasuka. Mwaka 2017 familia mamia zilihamishwa kutoka sehemu moja ya kartie hiyo, na pahali pale pakazungushwa ukuta.

Hatuwahukumu wale waliochimba. Njaa ni mwalimu mkali, na ada ya shule haingoji. Tunasema hivi tu: nyumba uliyoitafutia feza miaka kumi unaweza kuibomoa kwa miezi mitatu, na vumbi ya miezi mitatu hiyo itabaki katika mapafu ya watoto wako. Feza ya mawe inakwisha. Mkipata shida, ongeeni na jamaa, na kanisa, mbele ya kushika jembe na pao.

9. Baridi ya juni na julai

Kolwezi ni mji wa juu, na usiku wa juni na julai ni baridi. Katika nyumba yenye madirisha mazuri ya kufungika vizuri, mama anafikiri: nitaingiza mbabula chumbani, watoto walale na joto. Mama, hapana! Makala yenye kuwaka inatoa hewa ya sumu isiyo na moshi, isiyo na harufu, isiyoonekana. Anayelala hasikii kitu. Familia inaweza kulala nzima na asubuhi hakuna anayeamka. Katika nyumba ya zamani yenye matundu hewa ilipita. Nyumba mpya inayofungika vizuri ni hatari zaidi. Mbabula ipikiwe inje ao kwenye baraza, na isiingie pahali pa kulala, hata ikionekana imezimika. Kwa baridi tumieni blanketi, soksi, na mlale pamoja.

Mtu akiamka na kichwa kuuma sana, kizunguzungu na kutapika katika chumba kilichokuwa na makala, mtoeni inje katika hewa mara moja na mumlete hospitali.

10. Feza ya kwanza iende wapi?

Kununua nyumba kunamaliza mfuko. Miezi ya kwanza ni migumu, na wageni wanakuja kuangalia. Wanataka kuona viti, televizio, friji. Haya inatusukuma kununua vitu vya salon wakati choo hakina mlango. Sisi tunawashauri mpango huu: kwanza torsho, sabuni na ndoo, pili mustikere, tatu kifuniko cha kisima na cha choo, nne simenti ya chumba cha watoto, tano mabati yanayovuja. Viti vinaweza kungoja. Mgeni mwenye akili atakaa juu ya mkeka safi na kukushukuru.

Mlete mtoto hospitali kama:

anakohoa kupita wiki mbili, anapumua mbio mbio ao kifua kinaingia ndani anapopumua, ana homa, anahara na kuwa na kiu sana, mikono na midomo inakuwa nyeupe kwa kukosa damu, ngozi inamwasha tangu mlipohamia. Na mkifika, semeni kwa munganga bila kuulizwa: "Tumehama. Nyumba ile iliwekwa mawe." Neno hilo moja linamsaidia kutafuta vizuri.

Maulizo ya kuzungumza katika kikundi cha akina mama na akina baba

Kwa nini kukomba pakavu ni vibaya? Katika nyumba yako, vumbi inaingia kwa mlango gani, na inaletwa na nani? Kutoka choo chako mpaka kisima ni hatua ngapi? Na kutoka choo cha jirani? Kama mtu akikuambia uchimbe katika lupango yako, utamjibu nini?

Yule mama wa mfano wetu alirudi nyumbani na jirani zake watatu. Walitoa watoto, walitoa vyombo, walimwanga mayi, waliosha juu mpaka chini siku mbili, baba akapaka chokaa. Wiki iliyofuata alimleta mtoto kupimwa tena, na munganga aliuliza:

— Mama, torsho ya mwisho ilitoka namna gani?

— Ilitoka mweupe, munganga. Sasa njo naona nyumba ni yetu.

Mungu azibariki nyumba zenu, na watoto wanaolala ndani yake.